Karani Aliyempa Mke Wangu Siku ya Kuzaliwa

Jumatano, 3 Agosti 1955. Manyatta, Embu.

Baridi. Ukungu hata mlima hauonekani. Wateja wawili kibandani, mmoja ana upara.

Leo nimepata habari ya kuniua. Mke wangu ana siku ya kuzaliwa!

Wanawake wa hapa hawana kitu kama hicho. Ciakuthii alizaliwa mwaka wa nzige, basi, kama wenzake wote, na nzige hawakuacha tarehe. Lakini alipokwenda kambi ya chifu kuandikiwa pasi yake mpya, karani Kithaka alimwambia wazungu hawataki nzige, wanataka tarehe. Ati akamwuliza, mama, wewe unapenda mwezi gani? Akajibu Agosti, maana zamani, kabla ya Hali ya Hatari, Agosti ndio mwezi aliokuwa akipata kukaa chini. Ati Kithaka akaweka kalamu mdomoni, akatazama dari, akasema: basi mama, nakupa tarehe kumi na tatu. Mwaka huu ni Jumamosi.

Anampa! Kama ametoa mfukoni mwake!

Nimeyasikia haya jikoni, yeye akipakua githeri huku anachekacheka. Nikamwuliza kinachochekesha ni nini. Akasema shamba ni la mume, mbuzi ni wa mume, jembe analolimia handaki la kijiji ni la serikali, lakini tarehe kumi na tatu ni yake peke yake.

Mimi Munyi! Mimi niliyetoka hapa nikafika Misri na Bama na majeshi ya Mfalme! Niliyemnyoa Meja ndevu treni ikikimbia, na hakutoka hata tone la damu! Mimi sikumpa. Kampa karani ambaye kalamu yake imemvujia mfukoni.

Nimeshindwa kula. Sahani mbili tu.

Alhamisi, 4 Agosti.

Mungu yupo. Leo amekuja nani kukata nywele? Kithaka mwenyewe.

Akaketi mbele ya kioo changu kama bwana harusi. Ana ile njia ya nywele, nyoofu kama reli, na mafuta yanayonukia mpaka kwa muuza tumbako. Akauliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Akauliza mama hajambo? Hajambo. Na mgongo wake?

Mgongo wake! Mgongo wa mke wangu unamhusu nini mtu wa kambi ya chifu?

Nikashika mkasi. Njia yake ya nywele nikaitoa sikio la kushoto, nikaivusha utosini kwa mshazari, nikaielekeza mlima Kirinyaga. Kwa upande mmoja anafanana na mchungaji, kwa upande wa pili anafanana na kondoo. Alijitazama mbele na kando. Kisha akasema asante sana Mzee Munyi, akatoka.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Ngoja sasa Ciakuthii amwone!

Jumamosi, 6 Agosti.

Siku ya soko. Siku ya aibu.

Asubuhi wamekuja vijana watatu. Wanataka nini? Wanataka "ile ya karani". Baada yao mwalimu. Baada ya mwalimu, mtoto wa mzee wa kanisa. Mpaka adhuhuri nusu ya wanaume wa Manyatta wana njia ya nywele inayoelekea mlimani, na wote wameichukua kwangu, kwa mkono wangu huu.

Ciakuthii akapita akitoka kwenye handaki. Wanawake wote wa kijiji wanachimba, wanazunguka boma lote, kisha wanaume wanapanda vijiti vilivyochongoka ili watu wa msituni wanaopigana na serikali wasipite. Akaweka jembe chini, akashika kiuno, akawatazama wale vijana. Akasema Kithaka imempendeza zaidi, anaonekana kama wale watu wa gari la sinema.

Niliendelea kukata nikilia kwa ndani.

Lakini jioni akafika Billow na lori lake la ngozi. Billow ni Msomali wa Majengo, kule Meru, rafiki yangu wa tangu vita, mtu wa maneno machache na honi nyingi. Nikamweleza kisa chote. Akatafuna kijiti chake, kisha akasema kwao mwanamke akichoka hapewi tarehe, anapewa moshi. Anaye shangazi, Bi Ijabo. Bibi harusi wote wa Majengo hupita mikononi mwake: mvuke wa maji ya majani, mafuta ya simsim, kuchuliwa mwili, hina, na mwisho kukalishwa juu ya chetezo cha udi, amefunikwa shuka mpaka shingoni. Ati mwanamke akitoka hapo amekuwa kama lori lililotoka gereji.

Nikaruka! Hamamu!

Mimi nimeingia hamamu ya Kairo, ile nyumba ya kuogea mvuke, kwa miguu yangu. Jitu lenye masharubu lilinivunja mifupa yote, likairudisha moja moja mahali pake, likanipa chai ya nanaa. Nililala kama mtoto aliyenyonya. Sasa huyo karani, katika Embu yote, atatoa wapi hamamu? Tarehe ametoa yeye, sawa. Lakini kitakachofanyika siku hiyo ni changu. Nitampeleka Ciakuthii Meru, apumzike siku mbili, ajue ameolewa na mtu aliyetembea dunia. Na asijue neno mpaka dakika ya mwisho! Wazungu hufanya hivyo. Meja wangu alifanyiwa hivyo huko Bama, akaruka akidhani ni Wajapani.

Billow nimemwapisha. Mama Felicitas, jirani atakayebaki na binti yetu Virginia, nimemwapisha pia. Dada wa mama huyo naye. Nimewaita nyuma ya kibanda mmoja mmoja, maana siku hizi watu wakisimama pamoja wanaulizwa kibali. Kila mmoja ameinua mkono, akaapa hatasema kwa mtu yeyote. Mambo yangu huwa na mpango.

Jumatatu, 8 Agosti.

Kuna jambo moja sikulikumbuka kwenye mpango.

Mwembu hatoki Embu kwenda Meru bila pasi ya safari. Pasi anaandika karani. Karani ni mmoja.

Nimezunguka ile kambi ya chifu mpaka askari wakaniuliza nimepoteza nini. Nikaingia. Kithaka mezani, njia yake ya nywele inang'aa. Akauliza sababu ya safari. Nikisema siku ya kuzaliwa, atajua nimefuata nyayo zake. Nikakaza uso, nikadanganya. Nikasema mke wangu anaumwa mgongo, nampeleka Meru kwa matibabu.

Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Akanitazama, akasema, "Mzee Munyi, nashukuru umeona."

Nimeona nini?

Akaandika pasi mbili kwa mwandiko wake ule wa kujidai, akagonga muhuri, akaandika na ruhusa ya Ciakuthii kutokwenda kwenye handaki mpaka turudi. Hakutaka kitu. Akanifungulia mlango.

Nimetoka na yote niliyoyaendea. Mbona najiona kama mtu aliyeibiwa?

Jumanne, 9 Agosti.

Karani amekuja nyumbani kwangu! Mchana kweupe! Ameshika kikopo cha dawa ya kuchua.

Alikuwa mtu wa adabu, sikatai. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akamwambia Ciakuthii amesikia anapelekwa Meru kwa ajili ya mgongo, Mungu awe naye, ajipake asubuhi na jioni, na asiwe na wasiwasi.

Ciakuthii akanigeukia. Akauliza anapelekwa Meru na nani. Nikasema na mimi. Akauliza kwa daktari gani. Nikasema mkubwa sana. Akauliza kwa nini hajaambiwa. Nikatazama paa.

Kisha akaniuliza polepole mbona ameondolewa kwenye handaki, wakati Ednah aliyevunjika mkono bado anachimba kwa mkono mmoja. Nikasema ayaache hayo, Jumamosi atajua. Akakaa kwenye jiwe la nje, akamvuta Virginia karibu naye.

Vizuri! Hajashuku chochote!

Ila kile kikopo amekiweka karibu na mto wake. Mimi nilimletea sabuni ya kunukia kutoka Mombasa mwaka ule niliotoka jeshini, na ameipa matumizi gani? Ameiweka kwenye sanduku la nguo. Karibu na mto hajaiweka hata siku moja.

Alhamisi, 11 Agosti. Njiani, kisha Meru.

Ciakuthii amekaa mbele na Billow. Mimi nyuma, juu ya ngozi za ng'ombe. Nanuka ngozi mpaka sasa, hata Bama sikunuka hivi.

Amelia kutoka Runyenjes mpaka Chuka. Nilimsikia kupitia tundu la nyuma. Alimwuliza Billow kama mume wake amemwambia amebakiza muda gani. Billow, mtu wa neno lake, akamjibu, "Mama, mimi nimeapishwa. Sisemi." Akalia zaidi.

Tuliposimama Chuka lori lipate maji, aliniita pembeni. Akaniomba Virginia asiache shule. Akaniomba mbuzi mweupe apewe mama yake. Akasema nikitaka kuoa tena nioe, lakini nisioe yule muuza ndizi wa Kairuri, hilo hatalisamehe hata akiwa kaburini. Nikamshika bega, nikamwambia asihofu, Jumamosi mambo yote yatakwisha.

Nilisema kwa wema.

Faida moja imepatikana: kila kizuizi cha barabarani askari wakimwona na machozi yale, wakisoma neno mgongo kwenye pasi, wanainua mti upesi na kuvua kofia. Sijawahi kusafiri vizuri hivi.

Nina wazo la kumwambia ukweli. Lakini nikimwambia, itakuwa si ajabu tena, na karani atakuwa mbele.

Ijumaa, 12 Agosti. Majengo.

Tumepata chumba karibu na msikiti. Ciakuthii amelala akiangalia ukuta. Mimi nimekwenda kwa Bi Ijabo kupanga.

Mama mkubwa, sauti kama ya adhana. Ana ua wenye kuta za udongo, chumba cha mvuke nyuma, na wanawake wawili wa kumsaidia. Nikaanza kumweleza jinsi hamamu inavyotakiwa kuendeshwa, kwa kuwa mimi nimeona ya Kairo. Akaniuliza huko Kairo nilikuwa mke wa nani. Wale wasaidizi wakacheka mpaka wakaangusha ndoo. Akasema kazi ya mume ni kusimama nje ya lango, na hata hapo asiwe anakohoakohoa.

Akataka kumwendea Ciakuthii kumweleza, mwanamke asije na hofu. Nikakataa. Nimemwapisha yeye na wale wawili. Aliapa huku akitikisa kichwa.

Kisha nikapamba. Mtu hawezi kuingia kwenye furaha yake kwa lango tupu! Nilikumbuka mkubwa mmoja wa serikali alipotembelea Embu, lango lilipambwa kwa migomba. Nikakata mashina mawili, nikayasimamisha huku na huku, nikayakunja majani juu yakakutana, nikafunga miwa katikati. Tao la kupendeza ajabu. Bi Ijabo, ambaye ni mtu wa jangwani, akasema hajaona lango zuri kama hilo.

Watu wa hapa ni wivu tu. Mzee mmoja wa Kimeru alipita, akaliona, akasimama, akarudi alikotoka kwa hatua za haraka. Mama mwingine alivuka barabara na kuingia matopeni ili asipite karibu. Nikawapungia mkono wote wawili. Hakuna aliyerudisha.

Mbuzi nimepata. Atachinjwa asubuhi.

Jumamosi, 13 Agosti. SIKU YENYEWE.

Naandika haraka haraka, mlinzi amenipa penseli.

Asubuhi mbuzi akachinjwa. Kichwa nikakiweka juu ya ukuta paka wasikifikie. Moshi ukaanza. Nikamfuata Ciakuthii chumbani, nikamfunga macho kwa leso, nikamshika mkono. Alisali Baba Yetu njia nzima. Nikamwinamisha, akapita chini ya tao. Akaniuliza ni majani gani yanamgusa. Nikasema nyamaza.

Ndani Bi Ijabo akamfungua leso. Mimi niko nje ya mlango, nasikia. Bila shaka Ciakuthii aliona shuka nyeupe, akaona ndoo za maji, akaona wanawake watatu wamepandisha mikono ya nguo. Akasema kwa sauti ndogo: tafadhali mama zangu, sijafa bado.

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

Kisha Bi Ijabo akapiga kelele: huyo mwendawazimu hakukwambia? Akamwambia yote. Siku ya kuzaliwa, mvuke, mafuta, hina. Halafu nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu Hali ya Hatari ianze. Mke wangu anacheka. Si ule wa jikoni wa kujichekea. Ni ule wa tumboni, wa zamani, wa siku nilipomtolea mahari nikiwa na buti za jeshi za saizi mbili tofauti.

Niliona fahari, kwa dakika moja hivi. Kisha nikaanza kujiuliza anacheka nini kwa muda wote huo. Yule Ijabo anamwambia nini? Mbona mimi hanichekei hivyo? Nikatega sikio ukutani.

Bi Ijabo akatoka anafuta mikono. Nikamwambia ninahitaji kujua mzaha ni upi. Akaniuliza nani amechimba handaki kwenye mgongo wa yule mwanamke. Akasema umefungana kama kamba iliyolowa, sehemu ya chini haiguswi, na mimi nina macho mawili mazima. Nikamwambia la, mama, ile habari ya mgongo ni uongo niliotunga nipate pasi.

Akageuka, akarudi ndani, nami nikabandika tena sikio ukutani.

Nikakumbuka Ciakuthii anavyoshika kiuno. Nikamkumbuka Kithaka akiniambia, "nashukuru umeona". Sikuwa nimeona chochote. Karani ameona, mimi nimedanganya, na uongo wangu ulikuwa kweli. Nilitaka kukaa chini kidogo.

Sikupata nafasi. Filimbi! Homgadi wa serikali wakaingia pande zote, bunduki mbele, na sajenti wao, Thuranira, Mmeru mrefu mwenye goti bovu.

Akatazama tao la migomba. Akatazama kichwa cha mbuzi. Akatazama moshi. Akaniona mimi, Mwembu, nimebandika sikio ukutani.

Akauliza kuna nini humo. Nikasema ni siri.

Akauliza kama kuna watu wameapishwa. Nikasema ndiyo, wote. Ningemdanganya mtu wa serikali?

Wameapa nini? Kutomwambia mtu yeyote.

Nani amewaapisha? Mimi mwenyewe, Munyi wa Manyatta, mmoja mmoja.

Wangapi wamepita chini ya tao? Nikasema leo ni mmoja tu, nilimfunga macho, lakini nikiona mambo yamekwenda vizuri nitaleta wengine wengi kutoka Embu. Nilikuwa nafikiria biashara!

Pingu.

Sasa nimeelewa tao. Watu wa msituni ndivyo wanavyofanya wakilisha watu kiapo: migomba, miwa, mbuzi. Kila mtoto wa mlima huu anajua. Mimi pia nilijua! Sijui kwa nini kichwa changu kiliichukua ile ya mkubwa wa serikali kikaiacha hii.

Jumapili, 14 Agosti. Mahabusu.

Nyuma ya pakiti ya sigara.

Mwenzangu mmoja wa chumba anasema watu wamenyongwa kwa migomba michache kuliko yangu. Nimewasimulia hamamu ya Kairo kuwachangamsha. Wamesogea kona ya mbali.

Nikinyongwa, nani atamwandikia Ciakuthii pasi ya kuja kunizika? Kithaka. Kwa mwandiko mzuri. Atamletea na kikopo kingine.

Sinyongwi! Simpi nafasi hiyo!

Jumanne, 16 Agosti.

HURU!

Nimesimamishwa mbele ya Bwana D.O., afisa wa wilaya, kijana mzungu mwekundu kama nyanya, Kiswahili chake ni cha kuagiza chai. Sajenti Thuranira akasoma mashtaka. Tao. Mbuzi. Moshi. Mwanamke aliyefungwa macho. Na maneno yangu mwenyewe, yote, hakuacha moja. Yakisomwa na mtu mwingine yanasikika vibaya sana.

Nikasema ilikuwa bathdei. Bwana D.O. akaweka kalamu chini. Akasema amekaa nchi hii miaka mitatu mizima na hajaona mama wa shamba mwenye bathdei. Akasema uongo huo ni mbaya kuliko kiapo.

Hapo Ciakuthii akaingia. Hakuitwa. Alikuwa nje na Bi Ijabo, wakamsukuma askari wa mlango, Bi Ijabo kwa bega, mke wangu kwa macho. Sikumtambua mara moja! Hina mikononi, uso unang'aa, mgongo umenyooka kama wa binti. Akatoa pasi yake, akaiweka mezani, akaonyesha kwa kidole chekundu. Tarehe kumi na tatu, mwezi wa nane. Akasema, "Bwana, hiyo siku ni yangu. Na huyu mjinga pia ni wangu."

Bwana D.O. akasoma. Akasoma tena. Masikio yakazidi kuwa mekundu.

Akauliza, na moshi? Bi Ijabo alikuwa amekuja na chetezo chake, shuka, makaa na udi. Akasema maneno ya nini, atoe mtu mmoja afukizwe hapa hapa. Bwana D.O. akakataa kwa niaba yake mwenyewe. Akamwonyeshea kidole Sajenti Thuranira.

Loo! Sajenti akakalishwa juu ya kigoda, kofia ikavuliwa, shuka mpaka shingoni, moshi chini. Akakohoa. Akatishia kumshitaki Bi Ijabo. Bi Ijabo akamwambia tulia baba, akaingiza mkono chini ya shuka na mafuta ya simsim, akakamata lile goti bovu. Sajenti akapiga ukelele mmoja. Kisha ikasikika pumzi ndefu, kama ya ng'ombe akilala. Macho nusu yamefungwa, akasema, "Bwana, hiki si kiapo." Baadaye kidogo akauliza kama goti la pili pia linaweza kufanywa.

Bwana D.O. akacheka mpaka karani wake akaogopa. Nimeachiliwa. Tao lichomwe moto. Na nisimwapishe mtu tena maisha yangu yote, hata kama ni kuapa kwamba mvua inanyesha.

Nimetoka nikiruka. Nikafika kwenye ngazi, nikasimama.

Kilichonitoa ni ile tarehe. Tarehe ya Kithaka! Shingo yangu nayo amenipa karani!

Alhamisi, 18 Agosti. Manyatta.

Nyumbani. Nimekwenda kambi ya chifu, nimemshika Kithaka mkono, nimemwambia yeye ni ndugu yangu kuanzia leo. Nimemnyoa bure. Njia nyoofu. Amekataa, anataka ya mshazari. Basi.

Safari ya kurudi, Ciakuthii alikataa nikae kwenye ngozi. Akanisogezea nafasi mbele. Akanieleza kwamba nilipokuwa mahabusu alikuwa na hofu kubwa juu yangu, lakini Bi Ijabo hakumwacha, kila akianza kulia anachuliwa, na mwisho alilala usingizi ambao hajaupata tangu tuhamishiwe kijijini. Akasema hakuna mwanamke hata mmoja wa kwenye handaki aliyewahi kupelekwa mahali ili apumzike tu. Akasema hatalisahau hilo. Billow akapiga honi bila sababu.

Kisha akasema anataka kitu kimoja, na hakitaki pasi. "Baba Virginia, nyumba yetu inahesabiwa jembe moja kwenye handaki. Hawajaandika ni la nani. Siku moja tu katika juma, wewe ulishike uende kuchimba, mimi nilaze huu mgongo. Nimemaliza."

Alisema vizuri, bila hasira. Nikamwambia nimesikia. Na nimesikia kweli, neno kwa neno, ndiyo maana nimeweza kuliandika hapa.

Tulipopita Chuka akaongeza jambo jingine. Ati siku ya kesi, kabla haijaanza, alipokuwa akingoja nje, Sajenti Thuranira aliinuka kwenye kigoda chake mwenyewe akampa akalie, kwa kuwa alimwona ameshika kiuno. Akasema kumbe Wameru wana adabu hivyo. Akatazama nje ya dirisha.

Akatabasamu.

Ijumaa, 19 Agosti.

Kigoda! Mbao tatu na misumari!

Ruhusa ya karani imekwisha. Filimbi ya handaki imelia alfajiri. Ciakuthii alikaa kidogo mlangoni, ameweka jembe katikati yetu, ananitazama. Nikamwambia leo haiwezekani kabisa, nina shughuli kubwa. Akalichukua, akalitia begani.

Kibanda nimekifunga. Nakwenda kwa Nyaga seremala. Nataka kiti cha mke wangu, kiti cha kweli, chenye mikono, chenye mgongo mrefu, ngozi ya kondoo mahali pa kukalia, kama kile alichokuwa nacho Meja wangu Bama, ila kiwe kikubwa zaidi. Kitachukua wiki nyingi. Nitakuwa huko kila siku kumsimamia, maana seremala wa hapa hajatembea. Atakapokikalia hicho, huyo sajenti hatamkumbuka hata jina.

Amefika kwenye kona ya barabara. Ameshika kiuno. Amegeuka, ametazama nyuma, kama mtu anayengoja kuona kama anafuatwa.

Nimempungia mkono. Maskini mke wangu, hana habari hata kidogo!